Maji ya Kuwanawisha Wakwe

Mwaka 1995 nilikuwa naandika ukurasa wa nguo katika Tupo, jarida la walemavu lililotoka Mwanza kila baada ya miezi miwili, na mara nyingine kila baada ya mitatu, kutegemea mashine ya kuchapia imeamkaje.

Jina langu Bernadeta. Nilisoma mpaka darasa la nne kwa masista, nikipelekwa shuleni mgongoni mwa kaka yangu. Miguu yangu ilipooza nikiwa na miaka mitatu. Natembea kwa mikono, na hiyo mikono naivalisha kandambili, kwa hiyo fundi viatu hajawahi kunifaidi. Nilikuwa na cherehani ya mkono pale mtaa wa Mirongo. Mitumba ilipoanza kuingia kwa mabelo, mafundi wenzangu walilia. Mimi nilikenua meno. Huko zinakotoka hizo suruali hakuna aliyezishona akimfikiria mtu anayetambaa, kwa hiyo zote zilikuwa lazima zipite kwangu. Nikawa nafundisha wasomaji kubandika kipande cha jinzi makalioni kwa ndani, kuhamisha mfuko kutoka kiunoni kwenda kifuani, na kwa wasioona, kutia vifundo vya uzi kwenye kola: kimoja shati jeupe, viwili jeusi, vitatu lile ulilopewa na shemeji ambalo halivaliki.

Mhariri wetu alikuwa Mwalimu Luhende. Macho yalikuwa yamemwacha akiwa bado anafundisha, akawa anahariri kwa masikio: unamsomea, anakukatiza. Aliyepiga taipu ni Evelina, ambaye hakusikia tangu kuzaliwa. Luhende alikuwa anaweza kufoka tangu asubuhi mpaka saa ya chai, na Evelina akaendelea kupiga taipu kwa amani yake yote.

Luhende alikuwa na sheria moja. Hakichapwi kitu ambacho mwandishi hajakifanya mwenyewe, au hajakaa pembeni akiona kinafanyika. Sheria hiyo ilizaliwa na toleo la kwanza. Tulitafsiri makala ya Ulaya juu ya kuingia kwenye bafu la kulala ndani ukiwa na mguu mmoja. Msomaji wa Sengerema akatuandikia kuuliza hilo bafu linauzwa duka gani, maana yeye huoga nyuma ya migomba, na huko anaingia vizuri tu.

Mama mmoja mwalimu aliyekuwa akijibu barua za wasomaji alipohamishwa, Luhende aliniambia, "Utajibu wewe. Umeolewa mara mbili, una uzoefu."

"Nimeachika mara moja na kufiwa mara moja," nikamwambia. "Huo ni uzoefu wa kuondokewa."

"Na huo ndio wanaotuandikia barua."

Barua ya Magu ilifika Jumatatu. Msichana anaitwa Paskazia, miaka ishirini na minne, miguu yake kama yangu, fundi wa redio. Ameandika hivi: amepata mchumba, mchumba anajua hali yake, lakini wazee wa mchumba hawajui. Wanakuja Jumamosi kumwona. Kwao, wakwe wakija kumwona binti, yeye mwenyewe ndiye huwaletea maji ya kunawa. Hakuna anayesema ni ukaguzi, ila macho yote huwa yanatazama miguu. Baba yake mkubwa, aliyemlea baada ya baba kufa, ameamua akae kitini amefunikwa khanga, waambiwe ana malaria, na mdogo wake apeleke maji. Je, akubali?

Nilijibu siku hiyo hiyo, nikamsomea Luhende. Nilikuwa nimeandika: Usikubali. Toka mwenyewe na maji yako, wakuone ulivyo. Wakikataa, wamekataa wakiwa wageni na si wakwe.

"Umefanya?" Luhende akauliza.

"Nimefanya kinyume chake."

Nikamweleza. Mwaka wa harusi yangu ya kwanza nilikalishwa kwenye kiti kirefu, nikafunikwa, watu wakasifu shingo yangu. Nilibebwa mpaka kwa mume kama bibi harusi wa heshima, kila mtu akidhani ni mila ya kwetu. Siku ya nne mama mkwe aliniamsha nikachote maji, akaona ninavyotoka kitandani. Siku ya tano nilikuwa nyumbani kwetu. Mume wa pili alinikuta chini kwenye cherehani, akajua anachukua nini, na tulikaa miaka kumi na tisa mpaka alipokufa.

Luhende akasema, "Kwa hiyo unajua kwamba kujificha ni kubaya. Hujui kama kutoka ni kuzuri."

"Mwalimu, wewe ni mtu mgumu."

"Na maji atayabebaje? Umeandika atoke na maji. Mikono yote miwili iko chini."

Hilo, kusema kweli, sikuwa nimelifikiria.

Tukajaribu pale ofisini. Luhende akawa mkwe, Evelina akasimama mlangoni kuwa mwamuzi. Kwanza niliweka jagi kwenye sinia nikawa nalisukuma. Lilianguka kwenye kizingiti. Halafu nikafunga birika mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto. Nilipoinama kusalimu, birika likamimina lote kwenye suruali ya mhariri.

"Mkwe kalowa," akasema Luhende. "Hapo mahari imepanda au imeshuka?"

Mara ya tatu nilichukua kidumu cha lita tatu chenye kifuniko, nikakifunga mgongoni, na beseni nikalisukuma mbele, sabuni na kitambaa vikiwa ndani yake. Nilifika kwa Luhende, nikafungua mbeleko, nikammiminia. Evelina akanyoosha dole gumba.

"Sasa imefanyika," nikasema.

"Imefanyika kwa mkwe kipofu," akasema. "Nenda Magu."

Toleo letu lilikuwa litoke mwezi uliofuata, na wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Nikaenda. Baiskeli yangu ya magurudumu matatu ilipanda juu ya basi, mimi nikapanda ndani, na Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani kwa Mzee Ndalahwa, baba mkubwa wa Paskazia.

Ilikuwa msimu wa pamba, ule mwaka wa kwanza au wa pili ambao wanunuzi binafsi waliruhusiwa, na uani pamba ilikuwa imejaa tele. Ndalahwa alinikaribisha vizuri mpaka nilipomwambia nimetoka Tupo, kwa ajili ya barua ya Paskazia.

"Mama," akasema kwa upole, "mimi simwonei aibu mtoto wangu. Usije ukaniandika hivyo. Mimi nawaogopa hao. Watamwona chini, watamaliza kula, wataondoka, na yeye atabaki anasikia mlango. Akishaolewa, wakamzoea, watampenda. Kila mtu anampenda akishamzoea."

Angekuwa mtu mbaya, kazi yangu ingekuwa rahisi.

Paskazia nilimkuta chumba cha ndani, kimetenganishwa na sebule kwa pazia la maua. Alikuwa amesukwa vizuri, gauni jipya, na mbele yake redio imefumuliwa matumbo, ili mikono isikae bure. Kile kiti kilikuwa pembeni, kimetandikwa vitambaa vya kufuma.

"Shikamoo Bibi. Wewe ndiye wa ukurasa wa nguo?"

"Marahaba. Ndiye."

"Ile suruali yako nilishona. Inabana mapajani."

"Basi wewe umenenepa. Nimekuletea jibu la barua yako."

"Mimi nilidhani majibu huja kwa maandishi."

"Maandishi yanakuja mwezi ujao. Wakwe wanakuja saa sita."

Alicheka. Nikamuuliza huyo Nkwabi, mchumba, walikutanaje. Akasema alikuwa anapima pamba kwa mnunuzi mmoja pale mjini, akaleta redio kutengenezwa. Akailipia, akaondoka. Wiki iliyofuata akaileta tena. Aliileta mara nne, na mara tatu za mwisho ilikuwa nzima.

Nikamwonyesha kidumu na beseni, nikamweleza habari ya mume wangu wa kwanza na zile siku tano. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaangalia kiti, akaniangalia mimi.

"Bibi, wewe walikurudisha. Lakini ulikaa siku nne. Mimi nikitoka leo, naweza nisipate hata moja."

"Ni kweli."

"Nikikaa kitini nitampata Nkwabi. Yeye anajua. Hao wengine tutajua mbele ya safari."

"Mama mkwe hatakungoja mbele ya safari. Atakungoja kisimani asubuhi ya kwanza."

Halafu akasema, "Nakaa kitini."

Barua ilikuwa yake, na ndoa ilikuwa yake. Nikasema haya. Nikamsaidia kupanda, tukamfunika khanga mbili, nikamsifu shingo.

Wageni walifika saa sita na nusu. Walikuwa watano: Mzee Chenge, baba mdogo wa Nkwabi, ambaye ndiye msemaji, wazee wawili ambao siku nzima hawakusema kitu ila "eee", na kula, shangazi mmoja mnene mwenye macho ya polisi, na Nkwabi mwenyewe. Nkwabi alikaa mwisho wa mkeka ameinamisha kichwa. Ndiyo desturi. Kijana anayetafutiwa mke haongei siku hiyo, na haangalii huku na huku. Akitaka kukohoa, anaomba kwa macho.

Queen, mdogo wake Paskazia, alikuwa jikoni na jagi mkononi, hajui aanze na nani. Nikamwambia, "Tulia mjukuu wangu, weka hilo jagi chini."

Sasa hapa watu huniuliza nilikuwa na nia gani. Mimi nilitaka kuona tu kama beseni linavuka kizingiti cha kweli, mbele ya wakwe wenye macho. Hiyo ndiyo niliyomwambia Luhende, na ndiyo ninayoisema mpaka leo. Nilijifunika khanga mpya kichwani mpaka usoni kwa ajili ya heshima, nikafunga kidumu mgongoni, nikatoka.

Sebule ilikuwa na giza kidogo, na mimi ni mdogo wa umbo. Beseni lilikwaruza sakafu, watu wote wakageuka. Nilivuka kizingiti bila kumwaga hata tone. Nikafika kwa Mzee Chenge, nikainamisha kichwa, nikasema, "Shikamoo baba," kwa sauti ndogo.

Mimi sikujua, lakini njiani Nkwabi alikuwa ameshindwa kuvumilia. Wakiwa wamebakiza kilometa moja alikuwa amewaambia wazee wake: huyo binti, miguu yake ina shida. Hakusema zaidi, na wao hawakumuuliza zaidi. Kwa hiyo Chenge alipoona mtu aliyefunikwa khanga anatambaa na maji mgongoni, alielewa kila kitu. Alielewa vibaya, lakini alielewa.

"Marahaba mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa nzuri, nakiri. Ya mtu aliyejikaza.

Nikafungua mbeleko. Akanyoosha mikono. Nikaanza kummiminia, na hapo akaiona mikono yangu. Mikono yangu ina miaka sitini na mitano, na imetembea karibu yote. Akafuatisha mkono mpaka kwenye khanga. Khanga ikateleza. Tukatazamana.

"Nkwabi!" akaita. "Ndiye huyu?"

Nkwabi, mtoto mwenye adabu, hakuinua kichwa. Alikuwa ameona beseni na kandambili za mkononi, basi. Akaitikia kwa kichwa kuelekea mkeka.

Mzee Ndalahwa akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Angesema si huyu, wangeuliza yule yuko wapi na kwa nini hakuleta maji. Kwa hiyo alikohoa tu.

Ningeweza kusema mimi. Ulimi nilikuwa nao. Lakini maji yalikuwa bado yanamiminika, na sikutaka kumkatisha mtu akinawa.

"Ndiyo mimi, baba," nikasema. "Nimekomaa kidogo, lakini bado nashona."

Shangazi akashika kifua. Chenge akamgeukia Ndalahwa, maji yakimtiririka viwiko vyote viwili.

"Ndugu yangu," akasema, "tusikoseane heshima. Kijana katuambia habari ya miguu. Miguu si neno! Mtu anaugua, mtu anaumia, leo wewe kesho mimi. Nasema mbele ya wazee hawa, miguu si neno. Lakini huyu ni rika la mama yangu!"

"La dada yako," nikasema. Kuna mambo mtu hawezi kuyaacha yapite.

"Atazaa nini? Wajukuu moja kwa moja?"

Wale wazee wawili wakaitikia, "Eee." Nkwabi hapo akainua kichwa, akaniona, akafungua mdomo na kusahau kuufunga.

Pazia likavutwa. Paskazia alikuwa ameshuka kitini peke yake. Nilisikia kiti kikigonga ukuta. Alitoka kwa mikono, bila beseni, bila maji, khanga zote mbili zimebaki huko nyuma. Hakuharakisha. Alifika katikati ya mkeka, akakaa vizuri, akapanga miguu yake kwa mkono, mmoja, halafu wa pili, wote wakiona.

"Shikamooni baba zangu. Shikamoo shangazi. Mimi ndiye Paskazia. Huyu bibi ni mgeni wetu kutoka Mwanza, ana matatizo yake mwenyewe." Akamtazama Chenge. "Nimesikia mmesema miguu si neno."

Sijawahi kuona mtu mzima amekamatwa vizuri namna ile. Chenge alimtazama Paskazia, akanitazama mimi, akamtazama Paskazia tena. Nilijitahidi kuonekana mzee zaidi.

"Tunaomba nafasi," akasema mwishowe, na wanaume wakatoka uani.

Shangazi alibaki. Nkwabi naye alibaki, hakuna aliyemkumbuka.

"Unapika wapi?" shangazi akauliza.

"Chini, shangazi. Moto nao uko chini."

"Kufua?"

"Beseni nalo liko chini."

"Mtoto utambebaje?"

Paskazia akanyoosha mdomo kuelekea mbeleko yangu na kidumu chake. Shangazi akakiangalia kile kidumu kwa muda mrefu.

"Na kisimani? Kwetu kisima kiko bondeni. Usiniambie nacho kiko chini."

Paskazia akaanza kuchezea upindo wa gauni. Mimi nilikuwa na jibu, lakini nilikuwa nimeshasema ya kutosha kwa siku moja.

"Nitateka mimi," akasema Nkwabi. "Nina baiskeli. Madumu manne kwa safari moja."

Shangazi aligeuka kama aliyesikia mkeka unaongea. "Wewe! Nani kakuruhusu kusema?"

"Hakuna, shangazi. Lakini maji nitateka."

Alitukanwa hapo mpaka ukoo wa mama yake. Hakujibu tena hata neno moja, wala hakuinamisha kichwa tena.

Wanaume walirudi. Chenge hakukaa. Alisema mtu mzima hawezi kusema neno, halafu likageuka kabla maji hayajamkauka mikononi. Wamekubali. Lakini, akasema, ndani ya nyumba hii pameonekana kiti. Kiti hicho kilikuwa kimeandaliwa ili kuwadanganya, na kwa hilo Ndalahwa atawapa mbuzi, leo, aliwe leo.

Ndalahwa alikwenda kumfunga mwenyewe yule mbuzi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi, na moto ulikuwa haujawashwa.

"Na mimi je?" nikauliza. "Nimekataliwa hadharani. Nani ananifidia?"

"Wewe bibi," akasema Chenge, "tukianza kukutoza kwa makosa yako, nani atamaliza?" Lakini paja la mbuzi alinikatia yeye.

Jioni, kabla sijaondoka, nilimkuta Paskazia amerudi kwenye redio yake. Alikuwa amenuna.

"Nilikwambia nakaa kitini," akasema.

"Ulisema."

"Na wewe ukasema haya."

"Nilisema."

"Wangekataa, Bibi?"

"Wangekataa, ungenichukia mpaka kufa, na ungekuwa na haki."

Akakaza skrubu moja. "Ule mfuko wa kifuani," akasema, "unafaa. Naweka bisibisi. Suruali ndiyo inabana." Tukaishia hapo.

Jumatatu nilimsomea Luhende jibu jipya. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza kama kidumu kilivuja. Akasema lichapwe, ila siwezi kuandika harusi ya watu bila idhini. Nikatuma barua Magu kuuliza nani anataka jina libadilishwe. Paskazia alijibu kwamba yeye na Nkwabi niwape majina mengine, na kijiji pia, maana watu watajaa kuja kumtazama badala ya kuleta redio. Ndalahwa akaomba kile kiti kisitajwe. Nikamwandikia kwamba bila kiti hakuna mbuzi, na bila mbuzi hakuna habari. Akakubali kwa shingo upande.

Aliyekataa ni Mzee Chenge. Alituandikia barua kwa mkono wa mtu mwingine, kwa herufi nzuri, akitaka jina lake libaki lilivyo, pamoja na la baba yake na la babu yake, na yale maneno yake juu ya miguu yaandikwe yote, kwa sababu aliyasema mbele ya mashahidi. Akaomba pia nakala tatu.

Tulimtumia nne.